Kila Uchafu na Dawa Yake

Leo tunaingia jikoni, bafuni na uani, tuzungumzie kazi ambayo hakuna nyumba isiyoifanya, na ambayo wengi wetu hatukufundishwa sababu zake: kazi ya kusafisha nyumba.

Ukienda dukani siku hizi utakuta rafu nzima imejaa chupa za rangi rangi. Hii ya sakafu, ile ya vioo, nyingine ya choo, nyingine ya jiko la gesi. Matangazo nayo yanatuaminisha kwamba kila pembe ya nyumba ina chupa yake, na asiyekuwa na chupa hizo nyumba yake haijasafishwa. Mimi naliona jambo hili kwa namna nyingine. Kinachotakiwa kujulikana ni aina ya uchafu, wala si pembe ya nyumba. Mafuta ni mafuta, yawe kwenye sufuria au kwenye ukuta. Ukishajua uchafu ulio mbele yako umetokana na nini, mara nyingi utagundua dawa yake unayo tayari: ndimu, siki, ukwaju, magadi, majivu, chumvi, sabuni ya mche, maji ya moto na jua. Usipojua, hata chupa ya bei kubwa itakuchosha mkono bure.

Basi tuanze na uchafu wenyewe. Katika nyumba zetu upo wa namna tano. Kuna mafuta na masizi, na haya makazi yao ni jikoni. Kuna madini yanayoachwa na maji, ule ukoko mweupe wa kwenye birika na bomba la kuogea, na pamoja nayo kutu. Kuna madoa yenye rangi: chai, manjano, damu. Kuna harufu. Na kuna vijidudu vya maradhi, ambavyo macho hayavioni na ndiyo maana vinatudanganya.

Kisha kuna jambo moja la kemia ambalo likikaa kichwani kazi yote inakuwa nyepesi. Mwaka 1909, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, mwanakemia wa Denmark aitwaye Søren Sørensen alibuni kipimo kinachoitwa pH. Kinaanzia 0 na kufika 14. Maji safi yako katikati kabisa, kwenye 7. Vilivyo chini ya 7 ni asidi, na ulimi unavitambua kwa uchachu wake. Vilivyo juu ya 7 ni alkali, na vidole vinavitambua kwa kuteleza kwake. Maji ya ndimu yako karibu na 2. Siki iko kati ya 2 na 3. Magadi soda, ule unga mweupe wa kuumulia maandazi na keki, uko juu kidogo ya 8. Magadi yenyewe ya ziwani, pamoja na maji yaliyochujwa kwenye majivu, yanapita 10. Sasa shika kanuni hii, msikilizaji: asidi huyeyusha madini na kutu, alkali hukata mafuta. Ukizigeuza, utasugua mpaka jioni.

Tuchukue kwanza upande wa uchachu. Maji ya visima vingi vya ukanda wetu wa Pwani hupita kwenye mwamba wa matumbawe, na yanapopita huchota chokaa humo. Ukiyachemsha, chokaa ile hujitenga na maji na kuganda ndani ya birika. Kila chemsho linaongeza tabaka, na birika lenye ukoko linakula kuni, mkaa, gesi au umeme zaidi, kwa sababu moto lazima upenye kwanza ule ukuta mweupe ndipo uyafikie maji. Usilichokonoe kwa kisu. Tia siki na maji, nusu kwa nusu, chemsha, kisha liache saa nzima. Utaona povu dogo likipanda. Hiyo ni asidi ikiivunja chokaa na kuitoa hewa ya kaboni dioksidi. Suuza vizuri, chemsha maji matupu mara moja uyamwage, na birika limerudi hali yake. Kama siki huna, maganda ya ndimu ulizokwisha kuzikamua yanatosha, ila uyape muda zaidi. Bomba la kuogea lililoziba matundu nalo lifunge kitambaa kilicholowa siki usiku mmoja. Asubuhi lisugue kwa mswaki wa zamani, na maji yatatoka.

Sufuria ya alumini iliyoingia weusi ndani baada ya kuchemshia mayai au maji ya kisima, weusi ule hautoki kwa kusugua. Tia maji, tia maganda ya ndimu au kipande cha ukwaju, yachemke kama robo saa. Sufuria itang'aa na mkono wako haujachoka.

Ukwaju ndio pia siri ya vyombo vya shaba. Waliokulia Unguja, Lamu au Mombasa wanayajua madele ya kahawa, masinia na vyetezo vilivyokuwa vikitolewa uani kuelekea sikukuu, vikasuguliwa kwa ukwaju na majivu au kwa ndimu na chumvi mpaka vikatoa mwanga. Shaba inapokaa hewani hujivika tabaka jeusi, na penye unyevu hugeuka kijani. Asidi ya ukwaju huliyeyusha tabaka lile, chumvi huiongezea nguvu asidi, na punje za chumvi hukwangua taratibu bila kuchimba. Wazee wetu hawakuwa na kipimo cha pH, lakini walikuwa na macho na subira, na walifika palepale alipofika mwanakemia.

Na shombo la samaki? Hapa ndimu inafanya kazi ya ajabu. Shombo hutokana na kemikali zenye tabia ya alkali zinazojitokeza samaki anapoanza kukaa. Ukipaka ndimu kwenye ubao wa kukatia, kisu na vidole, asidi inaungana nazo na kuzigeuza kuwa chumvi isiyoweza kuruka hewani ikafika puani. Harufu haikufunikwa, imeondolewa. Hii ndiyo tofauti kati ya ndimu na manukato ya kupulizia, ambayo yanaongeza harufu juu ya harufu.

Lakini asidi ina mahali pa kuogopwa. Sakafu ya terazo, meza ya marumaru, na kuta za nyumba zetu kongwe zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, vyote hivyo asili yake ni kitu kilekile kilichokuwa kimeganda ndani ya birika. Siki iliyokula ukoko itakula na sakafu. Mtu anapiga deki kwa siki wiki baada ya wiki akitafuta mng'ao, na sakafu inazidi kufifia, naye anaongeza siki. Sakafu ya namna hiyo inataka maji ya vuguvugu na sabuni kidogo isiyo kali, basi.

Sasa tuhamie upande wa pili, upande wa alkali. Na hapa nataka niyape majivu heshima yake. Majivu ya kuni yana kabonati ya potasiamu, ambayo ni alkali yenye nguvu. Inapokutana na mafuta kwenye sahani au sufuria, sehemu ya mafuta hayo hugeuka sabuni palepale. Ndiyo maana katika sehemu nyingi za Afrika sabuni ya asili hutengenezwa kwa majivu na mafuta ya mimea. Kwa hiyo bibi anayesugulia sufuria yake kwa majivu kijijini hana cha kuonewa huruma. Anatumia alkali na kikwanguo laini kwa wakati mmoja, na hajalipa hata shilingi. Masharti ni machache: majivu yawe ya kuni safi, si ya mbao zilizopakwa rangi wala takataka za plastiki, yawe yamepoa kabisa, yachekechwe, maana kipande cha mkaa kinaweza kuchora chombo, na ukimaliza nawa mikono vizuri, kwani alkali hukausha ngozi.

Anayepikia kuni ana njia nyingine ya kupunguza kazi, nayo ni ya kinga. Kabla hujainjika sufuria, ipake nje udongo laini uliolowa au sabuni ya mche. Masizi yatashika udongo au sabuni badala ya kushika chuma, na ukiosha yanatoka na maji. Dakika mbili kabla ya kupika zinakuokolea muda mrefu wa kusugua baadaye.

Kutoka kwenye majivu twende kwenye magadi. Katika Bonde la Ufa, kule Ziwa Magadi katika kaunti ya Kajiado, Kenya, na kwa jirani yake Ziwa Natron upande wa Tanzania, chumvi hii hujitengeneza yenyewe maji yanapokaushwa na jua. Kampuni ya kuyachimba magadi ya Kajiado ilianzishwa mwaka 1911, na mpaka leo magadi yanakwenda kwenye viwanda vya vioo na vya sabuni. Yale mabonge tunayonunua sokoni kulainishia maharage ni ya ukoo huohuo. Magadi soda ya pakiti ni ndugu yake mpole, na upole huo ndio unaoifanya ifae ndani ya nyumba.

Kazi zake ni nyingi. Jiko la gesi lililogandiwa na mafuta lipake uji mzito wa magadi soda na maji, uuache usiku kucha, asubuhi futa kwa kitambaa chenye maji ya moto. Vikombe na chupa ya chai vyenye utando wa kahawia vitie kijiko cha magadi soda na maji ya moto, vikae nusu saa, utando unaachia. Friji yenye harufu iwekee kibakuli cha magadi soda wazi, au vipande vya mkaa safi, kwa kuwa mkaa una vitundu visivyohesabika ndani yake na harufu hunaswa humo. Zulia au godoro lililokojolewa na mtoto likaushe kwanza kwa kitambaa, nyunyiza magadi soda, likae saa kadhaa, kisha likung'utwe na kuanikwa.

Chombo kimoja tu usikipeleke kwa magadi, nacho ni alumini. Alkali kali hula utando unaoilinda alumini, na sufuria inaingia weusi. Ukishaingia, unajua sasa dawa yake ni nini: ule mchemsho wa ndimu tuliousema.

Na mbele ya vyote hivi iko sabuni. Kila chembe ya sabuni ina ncha mbili, moja inapenda maji na nyingine inapenda mafuta. Ile ya mafuta inaushika uchafu, ile ya maji inauvuta, na uchafu unaondoka na maji ya kusuuzia. Sabuni ya mche iliyokunwa kwenye maji ya moto inaosha vyombo, sakafu ya simenti, kuta zenye rangi ya mafuta, nguo na mikono. Mwenye sabuni ya mche na maji ya moto ana zaidi ya nusu ya vyote anavyohitaji.

Halafu kuna msuguo. Pwani tumejaliwa nazi, na nyuzi za makumbi ni ngumu, haziozi haraka. Wanawake wa mashariki ya Unguja huyafukia makumbi ufukweni kwa miezi kadhaa, wakayafukua na kuyaponda, wakapata usumba wa kusokotea kamba. Nyuzi hizohizo, zikifungwa kitita, ni kisugulio cha sufuria na sakafu ya simenti. Dodoki lililokaushwa linafaa vyombo laini na bafuni. Chumvi ya mawe inafaa ubao wa kukatia na sinki. Mchanga uwe wa mwisho, na kwa vyombo vigumu tu, kwa sababu kila mchoro unaouacha kwenye chombo ni mfereji mpya ambamo uchafu wa kesho utajificha. Kikaangio kisichogandisha, kioo, na vyombo vya rangi ya kuchomwa visiguswe na mchanga wala waya.

Msikilizaji, tuje kwenye madoa, na tuanze na doa linalowatia watu wetu huzuni kila baada ya harusi: manjano kwenye kanzu nyeupe. Mtu anaichukua sabuni, anasugua, na doa la manjano linageuka jekundu kama damu ya mzee! Wengi hudhani wameiharibu nguo. Hawakuiharibu. Rangi iliyomo kwenye manjano, inayoitwa kurkumini, hugeuka nyekundu inapokutana na alkali, na sabuni ni alkali. Suuza sabuni yote, pitisha maji yenye ndimu kidogo, wekundu utarudi kuwa njano. Kisha ianike nguo juani ikiwa bado mbichi. Kurkumini haiwezi kuvumilia mwanga. Siku moja au mbili za jua kali hufifisha doa ambalo dawa za madukani zimelishindwa. Nguo za rangi uziangalie, maana jua halichagui.

Damu nayo ina sheria yake: maji baridi, na mapema. Damu ina protini, na protini ikipata joto hukaza kama yai linavyokaza kwenye maji yanayochemka. Aliyetia nguo yenye damu kwenye maji ya moto amelipika doa. Iloweke kwenye maji baridi yenye chumvi, sugua taratibu, halafu sabuni. Mafuta yaliyomwagika kwenye nguo au kapeti yanyunyizie kwanza unga wa mahindi au chaki iliyopondwa yanyonywe, kisha ndipo maji ya moto na sabuni. Kutu kwenye nguo nyeupe ipake ndimu na chumvi, uiweke juani, usuuze. Unaona kanuni inavyorudi: kutu ni madini, basi dawa yake ni asidi.

Jua nimelitaja mara kadhaa, na sisi tulio karibu na ikweta tunalo kwa wingi kuliko mataifa mengi. Mwanga wake una mionzi inayoua vijidudu vingi, na joto lake linakausha unyevu ambao ukungu unauhitaji ili uishi. Magodoro, mito, majamvi na mikeka vitolewe nje mara kwa mara, vigeuzwe pande zote. Kwa kunguni, hata hivyo, jua peke yake lisikupe matumaini ya uongo, kwa sababu hujificha ndani kabisa ambako joto halifiki. Shuka na foronya zichemshwe, na viungo vya kitanda vimiminiwe maji yanayochemka. Na kitambaa cha jikoni kile kinacholala kimelowa pembeni mwa sinki kinastahili jua kuliko kitu chochote ndani ya nyumba. Kichemshe, kianike, kikauke kabisa kabla hakijatumika tena. Vinginevyo unafuta meza kwa vijidudu vya jana.

Sasa naomba usogee karibu na redio, kwa maana ninayoyasema kuanzia hapa yanahusu uhai.

La kwanza ni kuchanganya. Watu wengi hupenda kuchanganya siki na magadi soda wakiona povu linavyofoka, wakadhani povu ndilo nguvu. Povu lile ni asidi na alkali zikimalizana. Likitulia, kilichobaki ni maji yenye chumvi dhaifu. Halina madhara, ila limekupotezea vitu viwili vizuri. Tumia kimoja, suuza, ndipo ulete kingine.

Lakini kuna mchanganyiko ambao si hasara tu, ni sumu. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, ambayo wengi tunaiita jiki, isikutane kamwe na asidi: si siki, si ndimu, si dawa ya choo ya kuondoa ukoko, maana nyingi kati ya hizo ni asidi kali. Zikikutana hutoa gesi ya klorini. Gesi hiyohiyo ndiyo jeshi la Ujerumani lililoifungulia mitungi karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji tarehe 22 Aprili 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, ikaua askari kwenye mahandaki. Choo chetu ni chumba kidogo chenye dirisha dogo. Jiki ikikutana na amonia, iliyomo kwenye dawa nyingine za kusafishia na kwenye mkojo uliokaa, hutoa gesi za kloramini, nazo zinachoma macho na mapafu. Kwa hiyo choo kimwagiwe maji mengi kwanza, itumike dawa moja tu, na dirisha na mlango viwe wazi. Ukisikia harufu kali inakukaba, toka nje mara moja uvute hewa safi, na kama kifua kinabana nenda hospitali.

La pili ni kutofautisha kusafisha na kuua vijidudu. Siki, ndimu na magadi soda ni wasafishaji wazuri, lakini usivitegemee pale palipo na maradhi. Akiwapo nyumbani mgonjwa wa kuhara au kutapika, hapo klorini ina nafasi yake halali, na ndimu haiwezi kukaa kwenye kiti hicho. Tangu mwaka 1847 daktari Ignaz Semmelweis aliyekuwa Vienna aliona vifo vya wazazi vikishuka baada ya kuwataka madaktari wanawe mikono kwa maji yenye chokaa ya klorini kabla ya kuwagusa akina mama. Na sisi hatujasahau kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 kikaenea mikoa mingi.

Klorini ina masharti. Osha kwanza kwa sabuni na maji, kwa sababu uchafu huimaliza nguvu kabla haijawafikia vijidudu. Soma chupa ujue kiasi cha klorini. Kama imeandikwa asilimia 5, sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 49 za maji inakupa asilimia 0.1, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani lilikipendekeza kwa meza, vitasa na sakafu wakati wa COVID-19. Kwa matapishi na kinyesi cha mgonjwa nguvu inayotakiwa ni kubwa zaidi, na hapo fuata maelekezo ya mhudumu wa afya. Tumia maji baridi, acha dawa ikae dakika kadhaa kabla ya kufuta, na uchanganye ya siku hiyo tu, kwani inapoteza nguvu ikikaa.

La tatu ni chupa za soda. Msikilizaji, tunanunua jiki, mafuta ya taa, dawa ya choo, kostiki ya kutengenezea sabuni, vya kupimiwa kwa bei nafuu, tunavitia kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, tunaviweka chini ya meza. Mtoto wa miaka miwili anaijua chupa ya soda. Hajui kilichomo. Kostiki huunguza koo na umio, na mtoto akipona anaweza kubaki na shida ya kumeza kwa miaka mingi. Mtoto akiinywa sumu, usimtapishe, kwa sababu sumu itaunguza mara ya pili inapopanda, na mafuta ya taa yataingia mapafuni. Mfute na kumsukutua mdomo, mkimbize hospitali, na ichukue chupa yenyewe uende nayo. Lakini kinga ni bora kuliko tiba. Siki na magadi soda vikae chini ukitaka. Sumu ikae juu, ndani ya chombo chake chenye jina, mahali pa kufungwa.

Na la nne namsemea dada wa kazi. Katika nyumba nyingi za mjini yeye ndiye anayeinamia choo na sinki kila siku, na mara nyingi ni binti aliyetoka kijijini ambaye hakuna aliyemwambia chupa ipi isikutane na ipi. Tunamkabidhi chupa tatu na kumwambia aoshe mpaka ing'ae. Anachanganya zote, tena kwa nia njema, akiwa amefunga mlango. Akikohoa tunasema ana mafua. Huyu ni mtoto wa mwenzetu. Aelezwe, apewe glovu, na apunguziwe dawa kali ambazo kazi yake haizihitaji. Kwa shughuli za kila siku sabuni, maji ya moto, siki na magadi soda vinatosha, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kitakachomharibia kifua.

Nimesikia watu wakisema kwamba kurudi kwenye ndimu na majivu ni kurudi kwenye umaskini. Sikubaliani nao hata kidogo. Anayesafisha kwa kujua sababu ni msomi wa nyumba yake, awe na vyumba kumi au chumba kimoja cha kupanga. Fedha iliyobaki kwa kutonunua chupa tano ni daftari la mtoto, ni samaki wa mchana. Na maji yanayotoka kwake kwenda mtaroni, kisimani kwa jirani na baharini, yanakwenda na madhara machache.

Kwa hiyo ombi langu kwako ni hili. Mwisho wa wiki hii waite watoto wako, wa kiume na wa kike, uwape birika lenye ukoko, siki na saa moja, uwaeleze kwa nini povu linapanda. Pita nyumba nzima, ukusanye kila chupa isiyo na jina na kila dawa iliyohamishiwa kwenye chupa ya soda, uiondoe mbele ya watoto leo hii, si kesho. Keti na dada wa kazi, kama unaye, umwambie kwa kinywa chako: jiki na dawa ya choo havikutani. Na siku nyingine utakaposimama mbele ya rafu dukani, jiulize kwanza uchafu wako ni mafuta, ni madini, ni doa, ni harufu au ni vijidudu. Ukipata jibu, nunua unachokikosa tu.